Siku Thelathini Zilizopigwa Lamineshi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mashine ya kutolea kopi imekwisha kula karatasi ya kwanza ya siku.

Mwanamke aliyesimama mbele yake hashangai. Anafungua kifuniko cha ubavuni, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anavuta kitu kilichojikunja kama kitambaa cha kudekia, kisha anakilaza juu ya kaunta na kukinyoosha kwa kiganja. Ni nusu ya barua ya kuomba uhamisho wa kazi. Nusu ya pili imebaki tumboni mwa mashine.

"Ingekuwa juzi ningeshukuru," anasema bila kumtazama mtu. "Leo sitaki hata kuiona."

Lakini anaisoma yote, mstari kwa mstari, huku mwenye barua akisubiri na miwani imempanda kwenye paji la uso. Halafu anamuuliza swali ambalo amewauliza wateja wa duka hili kwa mwaka mzima na ushei.

"Haya makosa unayahitaji?"

Mteja hayahitaji. Karatasi inaingia kwenye droo.

Ni kwa swali hilo wateja walimpachika jina la Bi Makosa, na jina limemganda mpaka mumewe, fundi bomba, hulitumia akimpigia simu. Ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mhudumu wa mashine katika duka la vifaa vya ofisi la dada yake: chumba kimoja, kaunta moja, mashine mbili, kabati la kioo, feni ya darini na kiti kimoja cha plastiki cha wateja.

Leo ni Ijumaa. Jumatatu picha zake thelathini zinatakiwa zitundikwe kwenye ukuta wa maktaba ya mtaa, kila picha na shairi lake fupi. Picha zipo. Ziko nyuma yake ndani ya kabati la kioo, na zinang'aa kama orodha ya bei ya saluni.

Kung'aa huko ndiko kunakompandisha presha.

Ili mtu aelewe hasira ya mwanamke huyu, inabidi kwanza aelewe anavyofanya kazi, maana hasira yenyewe ina ngazi, na kila ngazi ina mtu wake.

Kwa siku, kiasi cha kopi mia sita hutoka dukani hapa. Kati ya hizo, thelathini mpaka arobaini huharibika. Mashine imekula, wino umefifia, karatasi imetoka imepinda, au mteja amegundua baada ya kopi ya ishirini kwamba tarehe aliyoandika ni ya mwaka jana. Kila jioni dada yake, mwenye duka, ambaye mtaa mzima humwita Dada Mkubwa, huhesabu zilizoharibika na kuandika idadi kwenye daftari. Zikizidi kumi, uso wake hubadilika. Zikizidi thelathini, hapikiki haliki.

"Yeye anaona hasara," anasema Bi Makosa. "Mimi naona maneno. Tumekaa hivyo mwaka mzima, kila mtu na macho yake."

Mashine kubwa ni kuukuu. Ikitumika tangu asubuhi bila kupumzishwa huanza kutoa mistari myeusi, kwa hiyo saa saba mchana huzimwa kwa dakika ishirini. Mashine inapopumzika, Bi Makosa hapumziki. Anatoa kisanduku cha rangi za maji, kile cha rangi kumi na mbili wanachonunua wanafunzi, brashi moja na bakuli dogo la maji, anachora kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Kiti cha plastiki. Mfagio uliochoka. Kiatu cha mteja aliyesubiri akiwa amekivua. Mwavuli unaovuja maji kwenye sakafu aliyotoka kuidekia.

Kisanduku alikipata humohumo dukani. Kilianguka, kifuniko kikavunjika, rangi nyeusi ikasagika yote, na hakuna mzazi anayenunua rangi kumi na moja. Alijaribu kuziba pengo la nyeusi kwa unga wa wino wa mashine. Unga ukaelea juu ya maji, ukagoma katakata kuchanganyika.

"Nikasema basi, nyeusi itakuwa ya maneno."

Maneno anayakata kwa mkasi kutoka kwenye makosa ya siku hiyo na kuyapanga juu ya picha kwa kibano cha nyusi. Masharti yake hayana mjadala. Neno litoke kwenye karatasi za siku hiyo tu. Jumapili, duka likiwa limefungwa, anatumia masalio ya Jumamosi. Hachukui jina la mtu, namba, wala mstari ambao mwenyewe akipita atautambua. Na haongezi neno hata moja kwa mkono wake.

"Kuna siku nilitafuta neno mvua tangu asubuhi mpaka tunafunga," anakumbuka. "Mvua yenyewe inanyesha hapo nje, inanitazama. Mimi sina neno lake. Nikalala nimenuna."

Siku nyingine hujaliwa. Notisi ya mwenye nyumba kwa mpangaji na mtihani wa darasa la nne viliharibika mchana mmoja, na chini ya picha ya bati lenye tobo akapanga hivi:

*Paa*
*lisipotengenezwa*
*ndani ya siku kumi na nne*
*mpangaji atahesabu*
*nyota*

Kwa kiti cha plastiki alipata maneno machache zaidi, kutoka orodha ya mali za ofisi na tangazo la mkutano:

*Kiti kimoja*
*wanaosubiri*
*wote*

Na kwa picha ya mkono wake mwenyewe, umeshika kalamu ambayo haiandiki, fomu ya maombi na barua ya likizo zilimpa hili:

*Mwombaji asiandike chochote*
*chini ya mstari huu*
*chini ya mstari huu*
*ndipo nilipo*

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililomponza: hagundishi maneno upesi. Anayaacha yamelala juu ya picha, bila gundi, mwezi mzima. Kila picha hufunikwa kwa karatasi tupu, zote hupangwa ndani ya kifuniko cha katoni, na juu yake huwekwa rimu moja ya karatasi ili vitu visicheze. Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kwisha, anakaa na gundi na kuyabandika yote kwa mkupuo.

"Neno ni kama mgeni," anasema. "Humpi kitanda cha kudumu siku ya kwanza. Unamwacha akae kwanza, umjue tabia."

Ngazi ya kwanza ya hasira ni ya mwalimu mstaafu.

Mzee huyu huja karibu kila siku kutoa kopi za utenzi anaoutunga, beti mia tatu na bado zinaendelea. Hukaa kwenye kiti cha plastiki, hunyoosha shingo kuelekea kaunta na kuhesabu kwa vidole mizani ya maneno ya mwenzake.

"Vina viko wapi, binti yangu?" huuliza.

"Havikuharibika leo, Mwalimu."

"Shairi lisilo na vina wala mizani ni barua iliyokatika."

"Ni barua zilizokatika kweli, Mwalimu. Nimezikata mwenyewe."

Mazungumzo hayo, kwa hesabu ya Bi Makosa, wameyafanya si chini ya mara mia moja. Mara mbili mzee ameacha kalamu nyekundu juu ya kaunta, akidai ameisahau.

Ngazi ya pili ni mkutubi wa maktaba ya mtaa, kijana mwenye adabu nyingi na fomu nyingi zaidi. Alikuja kujalidi ripoti, akaona picha ya mfagio, akasimama. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba mteja aliyekuwa nyuma yake alimpita. Akasema pale maktaba kuna ukuta mtupu kwenye korido, kati ya chumba cha kusomea na vyoo, na angependa uvae mwezi mmoja mzima: picha thelathini, kwa mfuatano wa siku, zikae hapo wiki moja.

Bi Makosa akakubali. Picha zake za nyuma, mia tatu na tisini na kitu, alikuwa amezibandika mbele na nyuma kwenye vitabu vikubwa vya kaunta. Kuzitundika kungemaanisha kuzichana. Basi mwezi uliofuata alichora kwenye karatasi ngumu za manila, moja moja, kwa ajili ya ukuta.

"Miaka kumi na mmoja nimetoa nakala za mambo ya watu," anasema. "Vyeti vya watu, kesi za watu, mapenzi ya watu. Hiki kilikuwa cha kwangu, na kulikuwa na mtu aliyetaka kukiona bila kunihurumia."

Lakini ukuta mtupu nao una taratibu. Fomu ya kuomba kutumia ukuta. Barua ya utambulisho. Picha mbili ndogo za mwombaji. Kila kitu nakala tatu. Jana Alhamisi, tarehe mosi, mkutubi akapiga simu kwamba fomu imekosa mhuri, na kwamba lazima afike mwenyewe.

Bi Makosa akatoka dukani saa nne. Akarudi saa sita na nusu, mhuri mkononi, akiwa na furaha yake. Ndipo alipokutana na ngazi ya tatu.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri, mikono nyuma, anatabasamu. Anayemjua Dada Mkubwa atakwambia kwamba tabasamu lake hutoka kwa msimu.

"Njoo uone," alimwambia. "Nimekusaidia."

Juu ya kaunta, safu baada ya safu, zilikuwepo picha zote thelathini ndani ya plastiki, zimepigwa lamineshi, kona zimekatwa mviringo.

Kilichotokea ndani ya yale masaa mawili na nusu, Dada Mkubwa anakieleza mwenyewe, na anakieleza akiwa ameshika kiuno, maana mpaka leo haoni kosa lake liko wapi.

Wateja walikuwa wachache. Akasema ngoja nimtengenezee mdogo wangu vitu vyake, asiende kuaibika mbele za watu na makaratasi. Akaondoa rimu, akafunua kifuniko cha katoni, feni inazunguka. Alipoinua karatasi ya juu, vipande vya maneno vikaruka. Akainua ya pili, na ya tatu, na nyingine tena kutazama kuna nini, vikaruka zaidi. Mpaka akili imjie ya kuzima feni, maneno ya siku kumi na tatu yalikuwa yametapakaa sakafuni.

Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye magoti mabovu, akafunga mlango wa duka, akapiga magoti, akaokota kimoja kimoja.

"Nimevirudisha vyote," anasema. "Mahali penye nafasi nikaweka. Na zile zilizobaki, ambazo upepo haukuzigusa, niliona maneno yamekaa ovyo ovyo, moja huku, moja kule. Nikachukua rula nikayanyoosha. Sasa nimekosa nini?"

Akapitisha kila moja kwenye mashine ya lamineshi, mara mbilimbili kwa sababu manila ni nene. Joto likafanya mapovu pale ambapo rangi ilikuwa nzito. Rola zikayavuta maneno, mengine yakalala juu ya mengine. Shairi la paa sasa linasomeka hivi, kwa mistari miwili iliyonyooka kwa rula kisha ikapinda mwishoni:

*siku kumi na nne nyota paa*
*atahesabu ndani ya mpangaji lisipotengenezwa*

"Nyota sasa ziko ndani ya mpangaji," anasema Bi Makosa, akilishika kwa ncha za vidole. "Amezimeza."

Anasema siku hiyo hakulia wala kugomba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na alipoulizwa kama anaumwa, akajibu kwamba haumwi. Dada yake akamletea maji. Akayanywa. Halafu akauliza swali moja tu.

"Dada, kwa nini hukunisubiri?"

"Nikusubiri kwa lipi?" Dada Mkubwa akajibu. "Cheti cha kuzaliwa, lamineshi. Cheti cha ndoa, lamineshi. Leseni yangu hiyo hapo ukutani, lamineshi. Kitu cha thamani hakiachwi wazi, mdogo wangu. Cha kwako ndicho kikae na vumbi?"

Jibu hilo ndilo linalomsumbua zaidi, anasema, kwa sababu limeinyima hasira yake pa kushika. Mtu aliyekuharibia kwa chuki unajua pa kumweka. Aliyekuharibia kwa mapenzi, tena kwa plastiki zake mwenyewe za ukubwa wa A3, unamweka wapi?

Tangu hapo kila mtu aliyesikia habari hii amekuja na ushauri, na kwa sababu duka ni la kopi, ushauri ni mmoja.

"Mbona hukutoa kopi?"

Mwenye barua ya uhamisho anauliza hivyo. Mwanamke aliyefuata, aliyeleta kadi ya kliniki, anauliza hivyo. Muuza vocha wa jirani anaingia kwa makusudi kuuliza hivyohivyo, hana hata karatasi mkononi.

"Mashine ni ya nyeusi na nyeupe," Bi Makosa anamjibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lijibu swali hilo mara kumi na tisa. "Nikitoa kopi ya rangi za maji, napata moshi. Ungependa nikakutundikie moshi maktaba?"

Muuza vocha anafikiri. "Lakini ungekuwa na kumbukumbu."

Bi Makosa anafungua mashine na kuanza kusafisha kitu ambacho hakina uchafu.

Saa tano anaingia mwalimu mstaafu na beti nne mpya. Anaelezwa mkasa wote. Anazisogelea picha, anainamisha kichwa, anaitazama moja, anaitazama nyingine, na hapo ndipo anapotoa neno ambalo, kama isingekuwa umri wake, lingemtoa mlangoni.

"Sasa angalau zina mistari."

Chini ya kiti alichokalia, Bi Makosa anaona kipande cha karatasi kisichozidi ukucha. Anakiokota kwa kibano. Ni neno *lakini*. Hajui tena lilikuwa la siku gani. Analiweka kwenye mfuniko wa chupa ya gundi, na anaangalia pembeni kidogo kabla hajamwita mteja mwingine.

Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa amepanga kugundisha. Duka hufungwa saa nane. Dada Mkubwa amebaki, ati anahesabu bahasha. Bi Makosa anavuta kaunta, anaziweka picha zake sakafuni kwa mfuatano wa tarehe, safu tano za sita sita, anavua viatu na kupita katikati yake. Anataka kuona ni ngapi zinafaa kuokolewa. Mkutubi amemwambia kwa simu kwamba anaweza kuahirisha. Kuna fomu ya kuahirisha, nakala tatu.

"Nikiahirisha, sirudi," anasema. "Najijua. Nitasema nitaanza mwezi ujao, halafu mwingine, halafu nitakuwa yule mama wa kopi ambaye zamani alikuwa anachorachora."

Anapita safu ya kwanza akisonya. Safu ya pili anasonya. Tarehe tisa, kiatu cha mteja, kimepewa maneno ya mwavuli. Tarehe kumi na moja ina maneno kumi na manne, wakati yeye hajawahi kuzidisha kumi. Wakati wote huo Dada Mkubwa anahesabu bahasha, na anahesabu zilezile.

Kwenye tarehe kumi na saba Bi Makosa anasimama.

Picha ni ya miwani ya Dada Mkubwa, ile yenye mnyororo, imelazwa juu ya daftari la hesabu. Ni picha aliyoichora siku makosa yalipofika arobaini na saba na maneno ya dada yake hayakwisha mpaka jioni. Shairi lake alilipata kwenye fomu ya leseni, orodha ya mahudhurio na barua ya daktari wa macho, na anakiri kwamba alilipanga kwa kisirani:

*Mwenye duka*
*yupo*
*haoni*
*karatasi*
*anaona*
*idadi*

Vipande sita. Sasa viko sita vilevile, lakini havijanyooshwa kwa rula kama kwingine. Vimeshuka taratibu, neno chini ya neno, jinsi yeye mwenyewe hupanga. Na wakati kurasa nyingine zote rola zimeburuta maneno, hapa hakuna kilichosogea hata kidogo. Anainama, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya plastiki, kando ya kila neno, kuna alama nyembamba ya gundi.

*Mwenye duka*
*anaona*
*karatasi*
*haoni*
*idadi*
*yupo*

Anaisoma mara moja kimya. Ya pili anaisoma kwa midomo.

"Dada," anaita. "Hii uliigundisha."

"Ipi?"

"Hii ya miwani."

Dada Mkubwa hainui kichwa. "Nilikuta gundi hapo. Nikaweka palipokuwa na nafasi."

"Ya miwani tu? Kurasa thelathini, gundi ikafika kwa hii moja tu?"

"Wewe unanihoji kama polisi. Kumi na nane, kumi na tisa..." Anapotea hesabu, anaanza upya.

Nje mtu anagonga mlango, anaona wamefunga, anaondoka. Bi Makosa anaketi sakafuni katikati ya siku zake thelathini, picha ya kumi na saba mapajani, na uso wake ni wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo mzito wa hasira, akifika nao mlangoni anaambiwa mwenye nyumba alikwisha hama.

"Inaniudhi," anasema hatimaye, kwa sauti ya chini, dada yake asisikie. "Inaniudhi kwa sababu ni nzuri kuliko ya kwangu. Na mimi nilikuwa na kisirani, yeye hakuwa nacho. Alilisoma tusi langu, akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe, hakuongeza hata moja. Kumbe masharti anayajua. Mwaka mzima ananitazama, mimi nikidhani anahesabu."

Zimwi likujualo, wahenga walisema, halikuli likakwisha. Bi Makosa anasema wahenga hawakusema chochote kuhusu zimwi lenye mashine ya lamineshi, lakini anakubali kwamba hoja wanayo.

Basi uamuzi ni huu. Jumatatu zinapanda zote thelathini kama zilivyo, na mapovu yake, na nyota ndani ya mpangaji. Pembeni patabandikwa karatasi inayoeleza kilichotokea, isipokuwa sehemu ya nani alifanya. Mkutubi amekubali kuhamisha ubao wa matangazo ili taa ya korido isiangaze plastiki moja kwa moja. Amejaza fomu kwa ajili ya taa. Neno *lakini* litaenda peke yake, kwenye manila tupu, mwisho wa ukuta, bila picha.

Ya tarehe kumi na saba itatundikwa chini kidogo ya nyingine, kwenye kimo cha mwanamke mfupi mwenye miwani ya mnyororo.

Hasira haijaisha. Anataka hilo lieleweke. Kisanduku cha rangi, kifuniko cha katoni na kibano sasa vinalala nyumbani kwake na si dukani, na kwenye mashine ya lamineshi ameandika kwa kalamu nene: SI KILA KITU. Mwezi huu amekwisha chora siku tatu, na ya Alhamisi, siku ya mkasa wenyewe, ni picha ya mashine hiyohiyo ikiwa imezimwa. Maneno yake aliyatoa kwenye karatasi ya maelekezo iliyochanika ndani ya boksi la plastiki, na ni mafupi:

*Hakikisha*
*kilichomo*
*ni kikavu*
*kazi hii*
*hairudiwi*

Akiulizwa anatarajia nini kwa Jumatatu, Bi Makosa anajibu haraka, kama jambo alilokwisha lifikiria. Hatarajii watu wengi. Wengi wataupita ukuta ule wakiwa na haraka ya chooni. Hatarajii mwalimu mstaafu abadili msimamo. "Nataka mtu mmoja asimame, asome tangu tarehe mosi mpaka thelathini, asiruke," anasema. "Na awe dada yangu. Na asishike kitu."

Dada Mkubwa, ambaye bado anahesabu bahasha, anainuka, anaingia nyuma, anarudi na kitu mkononi. Ni tangazo, kwa mwandiko wake mkubwa wa herufi zilizosimama. Anakitundika mlangoni kwa ndani, anarudi nyuma hatua mbili kuona kama kimenyooka, anakitoa tena, anakiweka juu ya kaunta kwa ajili ya Jumatatu.

TUMEFUNGA. TUPO MAKTABA.

Ndani ya miaka kumi na mmoja, duka hili halijawahi kufungwa siku ya kazi. Bi Makosa analitazama tangazo lile kwa jicho ambalo dada yake analijua vizuri, na mkono wake umekwisha kwenda kwenye mkasi.

"Wala usihangaike," Dada Mkubwa anamwambia. "Nimelipiga lamineshi."

Bi Makosa anaurudisha mkasi. Anasonya, kwa mazoea. Kisha, dada yake akiwa ameenda kufunga dirisha, anaigusa ile plastiki na kueleza jambo ambalo mtu asiye wa duka la kopi asingeligundua.

"Tangazo la siku moja halipigwi lamineshi," anasema. "Linapigwa la kutumika tena."